Maswali ya Bustani: Mti Unaochanua Bila Kuzaa

Barua tulizochagua mwezi huu zina lalamiko moja: mti umejaa maua, matunda hakuna. Karibu kila mwandishi anauliza atie mbolea gani. Sisi twaomba jambo moja kwanza: kabla ya kununua mbolea, lichunguzeni ua.

SWALI: Salaam aleikum wahariri. Dada yangu ameolewa California. Nyuma ya nyumba yao pana mti wa aprikoti ya Kijapani uliopandwa na wenyeji wa zamani kwa ajili ya pambo. Kila mwezi wa Februari hufunikwa na maua ya waridi yenye harufu nzuri, lakini miaka inapita bila tunda. Yeye ataka matunda ya sharubati, na mengine ayatie chumvi kama wafanyavyo Wajapani. Afanyeje? Na akiniletea matawi mawili matatu, yatazaa hapa kwetu? — Msomaji, Barani, Malindi

JIBU: Wa aleikum salaam. Tuanze na mti wa dada, maana huo una tumaini.

Aprikoti ya Kijapani asili yake ni China, na kwa karne nyingi wakulima wa China na Japani wameichagua kwa njia mbili. Ipo iliyochaguliwa kwa matunda na ipo iliyochaguliwa kwa maua. Waliotafuta maua walipenda rangi, harufu na wingi wa petali; tunda halikuwa hoja yao. Nyumba nyingi nje ya Asia zina hiyo ya pili.

Msimu ujao achume maua kama 20 kutoka pande zote za mti, yaliyofunguka siku hiyo hiyo. Ua la kawaida lina petali 5. Likiwa na petali 15, 20 au zaidi, ni ua la matabaka, na petali hizo za ziada mara nyingi ni stameni (nyuzi za kiume zenye chavua, ule unga wa manjano) zilizogeuka. Kisha alipasue kila ua kwa wembe, kutoka juu hadi kwenye kikonyo. Katikati patakiwa pawe na kijiti kimoja chembamba cha kijani, kilichovimba kwa chini. Uvimbe huo ndio unaokuwa tunda. Kijiti kikiwa kifupi na cha kahawia, au kisiwepo kabisa, ua hilo halizai kwa dawa yoyote.

Maua yote yakiwa hayana kijiti, aina ya mti ndiyo tatizo, na suluhisho ni kupandikiza, ambako tutafika. Yakiwa baadhi tu, mti umechoka. Maua ya Februari hutengenezwa ndani ya macho ya matawi tangu kiangazi kilichotangulia. Mti uliopukutisha majani mapema kwa kiu au kwa wadudu hukosa akiba, na vijiti hufia humo ndani. Dawa yake ni kuumwagilia mti vizuri Julai hadi Septemba, wakati ambao wengi huusahau kwa kuwa hauna ua wala tunda.

Vijiti vikiwa vizima na bado hakuna tunda, atafute mwenza wa mti. Aina nyingi za aprikoti hii hazijichavushi. Nanko, aina mashuhuri ya Minabe katika mkoa wa Wakayama, ina chavua nyingi lakini haiwezi kujizalisha kwa chavua yake mwenyewe. Shirokaga, aina nyingine ya matunda, yenyewe haina chavua ya kutegemewa. Ndiyo sababu wenye mashamba huchanganya aina, na hupenda kuweka kati yake zile za matunda madogo ziitwazo koume, ambazo baadhi yake hujichavusha. Kama uwanja hautoshi mti wa pili, aombe kwa jirani matawi yenye maua ya aina nyingine, ayatie katika ndoo ya maji na kuitundika ndani ya mti wake. Nyuki wakiwa wachache kwa ajili ya baridi, achukue brashi laini ya rangi, saa sita mchana siku ya jua, aguse unga wa manjano wa maua ya jirani, kisha ncha za vijiti vya mti wake. Arudie siku mbili au tatu, maana maua hayafunguki yote pamoja.

Kosa jingine ni la mkasi, nalo ndilo linalotusikitisha zaidi kwa kuwa hufanywa na watu wenye bidii. Mti wa pambo hupogolewa sana mara tu maua yanapokwisha, ili utoe fimbo ndefu za kuchanua mwaka unaofuata. Anayetaka tunda akifanya hivyo anakata vitunda vyake vikiwa na ukubwa wa punje ya mtama. Mti wa matunda upogolewe majani yakishaanguka, Novemba hadi Desemba huko kwao. Aondoe matawi yaliyokufa, yanayosuguana, na yale yanayosimama wima katikati ili jua liingie. Vitawi vifupi vya urefu wa kidole, vilivyojaa macho, asiviguse. Humo ndimo tunda hukaa. Fimbo ndefu ya mita moja ina majani mengi na matunda haba.

Sasa kupandikiza. Mti wenye maua ya matabaka hauna haja ya kung'olewa. Mizizi yake ni mizuri. Atafute vipande vya tawi la aina ya matunda vikatwe wakati mti umelala, unene wa penseli, kila kimoja na macho mawili au matatu. Avifunge kwa karatasi yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, aviweke kwenye friji mbali na matunda mabivu. Macho ya mti wake yakianza kuvimba, akate tawi moja lenye unene wa kidole gumba, alipasue katikati kina cha sentimita 3 hadi 4, achonge kipande kama kabari na kukitumbukiza. Hapa ndipo wengi hukosea: wanalinganisha maganda kwa nje. Kinachotakiwa kukutana ni ile tabaka nyembamba ya kijani chini ya ganda, hata kama ni upande mmoja tu. Tabaka hizo zisipogusana, kipande hukauka ndani ya wiki chache. Afunge kwa utepe wa kupandikizia na kuziba kila mkato kwa nta. Abadilishe theluthi moja ya mti kila mwaka, si wote kwa siku moja, la sivyo shina lililobaki uchi huungua kwa jua. Tunda la kwanza latarajiwa mwaka wa pili au wa tatu.

Na kwetu Malindi? Hapana. Macho ya mti huu hulala usingizi usiovunjwa na mvua wala mbolea. Yanahitaji mamia ya saa za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na kwetu usiku wa kusi ulio baridi kuliko yote hauikaribii hata 15. Hata aina za Taiwan na za milima ya kaskazini ya Thailand, zinazoridhika na baridi ndogo, hupata baridi ambayo pwani yetu haina. Mche utachipua ncha, ukae na majani machache, udhoofike. Wapo wanaomwaga barafu shinani. Hiyo ni hasara ya barafu, kwa kuwa baridi hupokelewa na macho yenyewe na si mizizi.

Matawi nayo usikubali yaje mkobani. Mmea wowote unaoingia Kenya wahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla haujasafiri, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi unakotoka. Sababu si ukiritimba. Mwaka 2009 virusi vya ndui ya plamu viligunduliwa kwenye aprikoti za mji wa Ome, magharibi mwa Tokyo. Ugonjwa huo husafiri kwa vipande vya matawi na kwa vidukari, na hauna tiba. Mwaka 2014 miti yote iliyosalia katika bustani mashuhuri ya maua ya mji ule ilikatwa. Ukileta tawi lenye virusi, wa kulia ni wakulima wa plamu na pichi wa Limuru na Kinangop.

Ukitaka pwani mti wenye ua la fahari na tunda chachu, soma majibu yafuatayo.

SWALI: Nina mkomamanga uani, nyumba yetu ya Mkomani. Maua yake ni mekundu, mazito kama ya karatasi, na kila mgeni huyasifu. Tunda sijaliona. Naambiwa nitie majivu. — Mama wa Mkomani, Lamu

JIBU: Mama, shikamoo. Ulivyolieleza ua, jibu liko ndani yake: mti wako ni wa pambo, ndugu wa ile hali tuliyoieleza juu. Ua la mkomamanga unaozaa lina petali 5 hadi 8 zilizokunjamana, na katikati kuna msitu wa stameni za manjano unaouona wazi. Ukiona petali tupu zimejazana hadi ndani bila manjano, usingoje tunda. Majivu usitie. Udongo wa Lamu ni mchanga na vipande vya matumbawe, tayari una chokaa nyingi. Majivu huongeza ukali ule ule, na mti hushindwa kufyonza chuma. Ndipo majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani.

Uache mti huo kwa uzuri wake, upande mwingine wa kuzaa. Usipande mbegu, mtoto wa mbegu hafanani na mama yake. Omba tawi kwa mtu ambaye umekula komamanga la mti wake. Chagua tawi la mwaka mmoja, unene wa penseli, ukate vipande vya sentimita 20 hadi 25. Upande wa chini ukate mshazari ili usije ukakipanda kichwa chini. Fukia theluthi mbili kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini, mchanga uwe na unyevu bila kutota. Mizizi hutoka baada ya mwezi mmoja na nusu hadi miwili. Majani yakitoka wiki ya pili usifurahi bado, ni akiba ya tawi yenyewe. Ukikivuta utakuta hakina hata uzi mmoja wa mzizi.

Mahali ni jambo zito kwenye nyumba zetu. Mkomamanga wataka jua la saa 6 kwa uchache, na ua wa nyumba ya kale una kuta ndefu. Kama jua halifiki, tumia dari ya juu: pipa la plastiki la lita 60 lenye matundu chini. Lakini pipa hilo likishajaa udongo na maji huweza kufika kilo 100, na dari ya nyumba ya mawe imebebwa na boriti za mikoko. Liweke juu ya ukuta au mahali boriti zinapoingia ukutani, kamwe si katikati ya chumba, na uliinue kwa matofali ili maji yapite bila kulowesha chokaa ya dari.

Ukipanda ardhini, chimba sentimita 60 kwa kila upande na kwenda chini. Ukikuta mwamba wa tumbawe, uvunje. Mzizi uliozuiwa hukufanya umwagilie kila siku maisha yako yote. Jaza udongo mwekundu kutoka bara, uchanganye na debe mbili za samadi ya mbuzi iliyooza. Samadi mbichi huunguza. Panda Aprili mvua zikishashika. Machipukizi ya shinani yakate, ubakishe mashina matatu au manne; ukiyaacha yote utapata kichaka.

SWALI: Mkomamanga wangu unazaa, lakini maua mengi hudondoka, na matunda yaliyobaki hupasuka kabla ya kuiva. Mengine yana tundu dogo na ndani yameoza. Maji yangu ni ya kisima, yana chumvi kidogo. — Mzee wa Mambrui

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Kudondoka kwa maua kusikutie wasiwasi mpaka uyaokote na kuyatazama. Mti mmoja huzaa maua ya namna mbili. Moja lina kitako kipana kama mtungi. Hilo ndilo la tunda. Jingine limechongoka chini kama kengele. Ni dume, likimaliza kazi yake huanguka. Yakianguka ya kengele, mti ni mzima. Yakianguka ya mtungi, angalia maji, na angalia kama umezidisha mbolea ya kuku. Mbolea hiyo ikizidi mti hukimbilia majani na kuacha tunda.

Kupasuka ni ugonjwa wa maji yasiyo na mpango. Ganda likikauka kwa kaskazi hukosa kunyumbuka; kisha ukimwaga mapipa mawili, au mvua ikaja ghafla, punje hunywa na kuvimba, na ganda halina pa kwenda. Mti mkubwa upe lita 40 mara mbili kwa wiki wakati wa ukavu, siku zile zile, bila kuruka. Tandaza majani makavu au makumbi ya nazi unene wa sentimita 10, uache nafasi ya kiganja kutoka shinani, mchwa wasipande.

Chumvi ya kisima mkomamanga huivumilia kuliko mlimau na mwembe, lakini huivumilia chini, si juu. Usimwagie majani. Dalili ya kuzidi ni kingo za majani ya zamani kuungua kahawia. Kila baada ya wiki mbili mwagilia kwa wingi ili chumvi ishuke chini ya mizizi; kumwagilia kidogo kidogo kila jioni ndiko kunakoirundika. Maji ya mvua ya bati yawekee miche.

Tundu dogo ni la kiwavi wa kipepeo. Mama yake hutaga kwenye taji la tunda, pale palipokuwa na ua, na mtoto hutoboa akaingia, uozo humfuata. Akishaingia hakuna dawa ya kumfikia. Tunda likifika ukubwa wa ndimu, safisha mabaki ya stameni ndani ya taji kwa brashi ngumu, kisha livishe mfuko wa kitambaa chepesi au wa karatasi, ufunge kwenye kikonyo. Mfuko huo huo humzuia inzi wa matunda. Yaliyoanguka usiyaache chini wala usiyafukie juu juu: yatie kwenye mfuko mweusi wa taka, ufunge, uweke juani wiki nzima.

Komamanga haliivi likishachumwa, kwa hiyo subiri miezi 5 hadi 7 tangu ua. Limekuwa tayari mbavu zake zikianza kubonyea na kuwa na pembe, ngozi ikipoteza mng'aro, na ukiligonga kwa kidole sauti iwe kama ya bati. Kata kwa mkasi. Ukilivuta utachana tawi la mwakani.

SWALI: Hayo matunda ya Kijapani ya chumvi hutiwaje, na sisi tunaweza kutumia nini badala yake? — Dada wa Shela, Lamu

JIBU: Wajapani hungoja tunda liwe la manjano, mwezi wa Juni, mara nyingi lililodondoka lenyewe kwenye nyavu zilizotandazwa chini ya mti. Kila kilo moja hupata gramu 180 hadi 200 za chumvi. Hupangwa tabaka kwa tabaka na kukandamizwa kwa uzito unaokaribia wa matunda yenyewe, mpaka maji yake yapande na kuyafunika. Maji yasipofunika tunda ndani ya siku 4 au 5, ongeza uzito. Tunda linaloelea ndilo linaloota ukungu na kuharibu chombo kizima. Mvua za kwao zikiisha huanikwa siku 3. Rangi nyekundu hutokana na majani ya mmea uitwao shiso, si rangi ya tunda.

Njia hiyo hiyo yafaa ndimu: osha, kausha kabisa, pasua mara nne bila kutenganisha, gramu 150 hadi 200 za chumvi kwa kilo, chupa ya kioo, jua la wiki mbili tatu. Birimbi lina maji mengi; lipasue kwa urefu, gramu 150 za chumvi, usiku mmoja lijichuje, kisha anika siku mbili tatu mpaka liwe kama ngozi, ndipo utie pilipili na viungo vya achari. Usitumie sufuria ya alumini kwa lolote kati ya haya, asidi huila. Na maji ya birimbi yaliyokamuliwa yasinywewe kwa glasi: yana asidi ya oksaliki nyingi, na wapo waliodhurika figo kwa kuyanywa hivyo. Mgonjwa wa figo aliache kabisa.

Kwa sharubati ya dada wa California: kilo moja ya tunda la kijani, vikonyo vitolewe kwa njiti, kilo moja ya sukari, tabaka kwa tabaka ndani ya chupa. Aigeuze kila siku. Akiligandisha tunda usiku mmoja kabla, maji hutoka upesi zaidi. Sukari ikiyeyuka yote, wiki 3 hadi 4, atoe matunda na kuipasha sharubati dakika 15 bila kuiacha ichemke. Povu likionekana mapema, imeanza kuchacha na kuelekea ulevi. Aipashe siku hiyo hiyo, kisha aiweke kwenye friji.

SWALI: Kokwa ya hiyo aprikoti yaliwa kama lozi? — Msomaji, Hindi, Lamu

JIBU: Hapana. Kokwa, na tunda bichi la kijani pia, vina amigdalini, ambayo tumboni huachia sumu ya sianidi. Chumvi, sukari na muda huipunguza katika nyama ya tunda, ndiyo maana tunda la kijani haliliwi moja kwa moja kutoka mtini. Mbegu itupwe bila kupasuliwa, hasa penye watoto.